Kikapu cha Saba

Tangu Alhamisi Nyaboke hakukalia kiti. Alikula amesimama, akapiga pasi amesimama, na hata kwenye basi la kampuni lililowatoa Al Rayyan kwenda hotelini West Bay, huko Doha, Qatar, viti vitupu vikiwa tele, alishika chuma cha juu akasimama njia nzima. Dereva alimtazama mara mbili kwenye kioo, labda akidhani ana jipu mahali pabaya. Pamela, aliyelala naye chumba kimoja, alimwambia Alhamisi hiyohiyo usiku kwamba kama ataendelea kupiga doria kati ya kitanda na dirisha, basi aombe kazi ya ulinzi walau avae kofia.

Kisa chenyewe kilikuwa karatasi moja. Gerishon, meneja wa mgahawa, aliibandika kwenye mlango wa stoo ya vikombe. Alikuwa mtu wa Kirinyaga, mwembamba, mpenda karatasi. Jambo ambalo hajalibandika mahali, kwake yeye halijatokea. Karatasi ilisema kwamba kuanzia Januari mgahawa wao wa Kichina ungekuwa na meza maalumu ya wasafiri wanaosubiri ndege: vyakula saba vya asili vya Uchina, saa moja na nusu, na mhudumu mmoja wa kuwaongoza kutoka cha kwanza hadi cha mwisho. Mhudumu huyo angeongezewa mkataba wa miaka miwili. Wale ambao mikataba yao inaisha Desemba na hawakuchaguliwa wangepewa tiketi ya kurudi kwao. Wa Desemba walikuwa wawili tu: Joram, kijana wa Kitale mwenye mabega mapana, na yeye Nyaboke.

Jaribio lingekuwa Jumamosi, saa kumi na moja na nusu jioni. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, palikuwa na mstari huu: Mshiriki ataonja kila chakula mbele ya majaji kabla ya kukieleza.

Mstari huo ndio uliomnyima Nyaboke kiti.

Kwa maana Nyaboke alikuwa Msabato wa Nyamira, Msabato wa kuzaliwa, na mama yake alikuwa shemasi ambaye akikohoa kanisani hata mhubiri husita. Nguruwe si tatizo, maana Doha hiyo nguruwe hakanyagi hotelini kwao. Lakini kamba wa baharini, kaa, ngisi, na kila kiumbe cha majini kisicho na mapezi na magamba, Nyaboke hakuwa amekitia mdomoni tangu azaliwe. Na chakula cha saba kwenye orodha, kile ambacho mpishi mkuu Madam Lau alikipenda kuliko vyote, kilikuwa maandazi madogo ya kamba yaliyopikwa kwa mvuke ndani ya kikapu cha mwanzi.

Sasa shida si kwamba hakuwahi kuyala. Shida ni kwamba kwa miaka miwili alikuwa ameyasifu hadi watu wakaagiza vikapu vitatu vitatu. Tusimfiche: Nyaboke alikuwa mwongo wa mezani, tena hodari.

Msafiri angeingia, macho mekundu kwa kukosa usingizi, begi mgongoni, aseme ana saa tano kabla ya ndege na hajui aanzie wapi. Nyaboke angemtazama kidogo. Huyu, uji wa mchele wenye tangawizi kwanza, tumbo la ndegeni linataka kubembelezwa. Yule, tambi za Lanzhou zinazovutwa kwa mkono, chakula cha Waislamu wa kule Uchina tangu mababu, supu ya ng'ombe iliyochemka tangu asubuhi. Andazi lenye supu ndani alimfundisha mtu kulinyanyua kwenye kijiko, kulitoboa kashimo ubavuni na kunyonya kwanza, asije akaungua ulimi akamlaani mpishi. Samaki wa mvuke, aliwaambia wageni wasimgeuze; upande wa juu ukiisha, mfupa unatolewa, unaendelea na wa chini, kwani watu wa pwani za kusini mwa Uchina wanaona kumgeuza samaki ni kuombea chombo kipinduke. Hayo yote alikuwa ameyala na kuyajua. Akifika kwenye kamba, alifumba macho nusu na kusema, "Ukiuma, nyama inaruka kidogo kwenye meno, halafu inakuja sukari nyepesi ya bahari." Watu walimeza mate.

Maneno yale yalikuwa ya Velma. Velma alikuwa mhudumu mwenzake, Mkatoliki wa Kakamega, asiyekataa kitu chochote kilichotulia kwenye sahani. Kila mpishi alipowaita wahudumu waonje, Nyaboke alichukua lake, akageuka kama anayetafuta leso, na andazi likahamia mdomoni mwa Velma. Baadaye, wakikunja vitambaa, alimuuliza, "Leo likoje?"

"Aki Nyabs, hiyo kitu iko tamu, wacha tu," Velma angesema. "Ukiuma inaruka kidogo kwa meno. Halafu kuna kasukari ka bahari. Ni vile wewe umeamua kuteseka."

Basi Velma alikula, Nyaboke akasifu, wageni wakashiba, na hakuna aliyeumia. Ndivyo Nyaboke alivyojiambia, na kwa miaka miwili alijiamini.

Ijumaa mchana, kabla hajatoka, alimvuta Velma nyuma ya friji.

"Kesho wewe hutakuwepo," alisema.

"Nitakuwa nimemaliza shifti yangu saa tisa. Naenda Al Wukair kwa dada yangu, mtoto wake anabatizwa. Na hata ningekuwepo, ningekulia aje mbele ya Gerishon? Atoe macho yake kwanza?"

"Basi nimekwisha."

"Ambia Madam Lau ukweli."

"Nimwambie nini? Kwamba miaka miwili nasifia kitu sijawahi kuonja? Atanifukuza hata kabla ya tiketi."

Velma alimtazama, akamfungua aproni. "Enda nyumbani, Nyabs," alisema mwishowe. "Jua lako linazama."

Hiyo ilikuwa desturi yao. Kuanzia Ijumaa jua likizama hadi Jumamosi jua likizama Velma alishika zamu ya Nyaboke, na Nyaboke akamlipa kwa Jumapili ili Velma aende misa. Na Ijumaa hiyo, saa kumi na moja kasorobo, jua la Desemba likishuka nyuma ya majengo ya Al Rayyan, Nyaboke alizima simu yake kama alivyoizima kila Ijumaa. Aliizima kabisa, si kuinyamazisha. Mama yake alimfundisha kwamba simu iliyonyamazishwa bado inakuchungulia.

Sabato ile haikuwa na pumziko hata tone. Asubuhi alienda ibadani, akaimba nyimbo bila kuzisikia. Shemasi mmoja alipopita na kapu la sadaka Nyaboke alishtuka, akafikiri ni kikapu cha mwanzi. Mchana alirudi chumbani akazunguka. Alimfikiria Chelsea, binti yake wa miaka tisa, aliyekuwa akilelewa na bibi yake kule Nyamira na ambaye kila wiki aliuliza kwenye simu, "Mama, leo umewalisha watu wa nchi gani?" Akafikiria kushuka uwanja wa ndege wa Nairobi na sanduku lake, kupanda kilima cha nyumbani, na jirani zake wakimpokea kwa sauti ile ya pole ambayo ndani yake kuna furaha. Lakini lililomuuma zaidi, na hili hakuwa amelisema kwa mtu, ni kwamba aliipenda ile kazi. Hakuna kitu kingine maishani alichokijua vizuri kuliko watu wengine. Shuleni alikuwa wa katikati, kwenye ndoa alishindwa, lakini mweke mbele ya mgeni mwenye njaa na orodha ya vyakula, halafu umsikilize.

Aliamua saa nane mchana kwamba hatakula. Saa tisa akaamua atakula. Saa kumi alipiga magoti asali, akakosa la kusema; angeomba nini, hamu ya chakula? Akainuka.

Jua lilipozama alipanda basi. Simu ilikuwa mfukoni, ingali imezimwa. Kila Ijumaa machweo mama yake alimtumia fungu la Biblia, na kila Jumamosi machweo lilikuwa la kwanza kuonekana akiwasha. Leo hakutaka kuliona. Angelisoma akishamaliza, lolote litakalokuwa limetokea. Akasimama, akashika chuma cha juu, akatazama taa za barabarani zikiwaka.

Mgahawani meza moja ilikuwa imeandaliwa katikati, kitambaa cheupe, viti vitatu. Gerishon alikaa na karatasi zake. Yeye hakuonja kitu kazini, aliandika tu. Kando yake alikaa Madam Lau, mwanamke mfupi wa miaka sitini kutoka Guangzhou, mikono imejaa alama za kuungua, Kiingereza chake kidogo lakini hakipotezi hata neno moja. Kiti cha tatu kilikuwa cha mshiriki.

Joram ndiye aliyeanza. Alikula vyote saba bila kuacha hata mchuzi, akaulizwa kila kimoja kikoje. "Ni tamu," alisema kuhusu uji. "Hii pia ni tamu," alisema kuhusu bata wa Beijing. Tofu yenye pilipili inayotia ganzi midomo ilimtoa jasho, akafikiri kwa muda mrefu, akasema, "Ni tamu, lakini kali." Gerishon aliandika. Madam Lau alitazama dari.

"Nyaboke Momanyi," Gerishon akaita. "Kaa."

"Naomba nisimame."

"Kaa, dada. Ni jaribio, si gwaride."

Akakalia ukingo tu wa kiti, magoti tayari kuondoka, na huko si kukaa.

Kwenye uji sauti yake ilitetemeka. Kwenye tambi ilitulia. Alipofika kwa samaki alikuwa amesahau kwamba anapimwa. Alimsimulia Gerishon habari ya chombo na kupinduka, na Gerishon, mtu wa milimani asiyejua kuogelea, aliacha kuandika akasikiliza. Bata wa Beijing alimfunga kwenye chapati yake nyembamba huku akieleza kwa nini ngozi huliwa kwanza. Madam Lau alitikisa kichwa mara moja, kwa kuridhika.

Kisha kikaja kikapu cha saba. Madam Lau alikileta mwenyewe kutoka jikoni, akakifunua mbele yake. Mvuke ulipanda. Ndani yalikaa maandazi matatu, ngozi nyembamba inayopitisha mwanga, na chini ya ngozi rangi ile ya waridi ambayo Nyaboke alikuwa ameibeba kwenye trei mara elfu.

"Onja," Gerishon alisema.

Madam Lau alimtazama machoni, akasema taratibu, "Kula. Hakuna shida."

Nyaboke aliona hapo mpishi anamharakisha tu. Alishika vijiti. Alimwona mama yake kwenye benchi la mbele, kitambaa cheupe kichwani, alimwona Chelsea, aliiona karatasi mlangoni. Ningependa kuwaambia kwamba alipambana sana. Hakupambana sana. Alikuwa amepambana siku tatu na alichoka, na alitaka kubaki, basi. Akanyanyua andazi, akalitia lote mdomoni, akauma.

Alingoja nyama iruke kwenye meno. Haikuruka. Alingoja sukari ya bahari. Haikuja. Kilichokuja kilikuwa kitu kingine kabisa, ladha ya udongo uliolowa, laini, nzito kidogo, na katikati yake vipande vinavyokatika mdomoni kwa sauti, vyenye maji matamu. Alitafuna polepole. Kwa hiyo hii ndiyo dhambi yenyewe, alifikiri. Na aliogopa zaidi kwa sababu ilikuwa nzuri.

"Haya," Gerishon alisema, kalamu tayari. "Likoje?"

Maneno ya Velma yalikuwa palepale ulimini, yamezoea njia. Lakini Nyaboke alikuwa na chakula mdomoni kwa mara ya kwanza, chake mwenyewe, na hakuweza kusema uongo juu yake.

"Linanikumbusha kwetu," alisema. "Mvua kubwa ikinyesha usiku, asubuhi kwenye kichuguu nyuma ya migomba kunaota uyoga. Bibi yangu alikuwa anatuamsha kabla nyani hawajafika. Anaufunga kwenye jani la mgomba, anauweka kwenye jivu la moto. Ukifungua lile jani, ule mvuke wa kwanza. Ni huo."

Gerishon aliinua uso. "Uyoga? Hawa ni kamba. Tangu lini kamba wakaota kwenye kichuguu?"

Mkono wa Nyaboke ulikuwa umeenda kikapuni wenyewe. Hakuna aliyemwambia aonje mara mbili, na mbele ya watu wote wawili alichukua andazi la pili akalila.

Madam Lau alianza kucheka. Alicheka hadi akakohoa, akapiga meza kwa kiganja kilichoungua, vijiti vikaruka. "Ulimi huu," alimwambia Gerishon, akimwelekezea Nyaboke kidole. "Ulimi huu naujua. Andika jina."

"Lakini amesema uyoga."

"Andika."

Gerishon akaandika, maana lililoandikwa kwake ndilo lililotokea.

Nyaboke alishukuru, akainama, akatembea kawaida hadi mlango wa jikoni, kisha akakimbia. Katika chumba cha kubadilishia nguo alifungua bomba akasukutua mdomo mara nne. Akajitazama kwenye kioo. Miaka miwili zaidi. Alingoja furaha, ikaja aibu badala yake, ya moto, kuanzia shingoni. Alilia akiwa amesimama, kichwa kwenye mlango wa kabati lake, akajifuta kwa aproni. Kisha, kwa kuwa yaliyobaki hayangeweza kuwa mabaya kuliko haya, aliwasha simu.

La kwanza lilikuwa fungu la mama yake, akalipita bila kulisoma. La pili lilikuwa ujumbe wa sauti wa Velma, wa Ijumaa saa kumi na moja kamili, robo saa baada ya yeye kuzima.

"Nyabs, usinichape," Velma alisema, na nyuma yake sufuria za jikoni zikigongana. "Nimeambia Madam Lau. Nilikuwa nimeapa sitasema, nikasema. Na hajakasirika! Anasema mamake alikuwa wa dini ya Buddha, siku mbili kila mwezi hagusi nyama wala samaki, hata yai. Kwa hivyo yeye alijua kupika hizo vitu za kufunga kabla ajue za kamba. Ati kwao ni chakula cha zamani sana, unatengeneza ikae kamba na si kamba. Yako kesho ni uyoga, na machipukizi ya mwanzi, na karoti ya kuleta hiyo rangi. Gerishon hatajua. Wewe kula tu, Nyabs. Umeskia? Kula na amani."

Nyaboke alisikiliza mara mbili. Kicheko kilimtoka kwa ghafla hadi akaziba mdomo. Uyoga! Pua yake na ulimi wake vilikuwa vimemwambia, akavikatalia. Hakula kamba. Hakuna alichokula ambacho bibi yake asingekula. Alikuwa safi, na mkataba ulikuwa wake, na Madam Lau alikuwa amemwambia machoni kabisa kwamba hakuna shida.

Kicheko kikaisha kabla hakijafika popote. Alizunguka mara moja kati ya makabati na sinki, mara mbili. Uyoga ulikuwa kikapuni, sawa. Lakini yeye, alipofungua mdomo, aliufungulia nini?

Simu ikalia mkononi. Nyamira jua lilikuwa limezama sasa, na mama yake hakuchelewa hata dakika.

"Sabato imekwisha salama?" mama yake aliuliza. Nyuma Chelsea alisikika akiomba apewe simu.

"Imekwisha, Mama. Nimepata ile kazi."

"Bwana asifiwe!"

"Mama, subiri." Nyaboke alishika mlango wa kabati. "Leo nimekula kamba."

Upande wa pili Chelsea aliacha kuomba simu.

"Haikuwa kamba," Nyaboke aliendelea haraka. "Ilikuwa uyoga. Mpishi aliniwekea uyoga, alijua. Lakini mimi sikujua. Simu nilikuwa nimeizima."

"Sasa kama ni uyoga, unalia nini?"

"Nilipoitia mdomoni, Mama, nilijua ni kamba. Nikala."

Mama yake alivuta pumzi, ile pumzi ya benchi la mbele. Nyaboke aliingoja kama anayengoja kofi. Mlangoni Gerishon aligonga, akasema wageni wa kwanza wameingia, wana saa nne tu kabla ya ndege yao.

"Ilikuwa tamu?" mama yake aliuliza.

Ilikuwa sauti ya chini, haikuwa ya shemasi. Nyaboke angeweza kusema hapana. Alikuwa na miaka miwili ya mazoezi.

"Tamu, Mama," alisema. "Niliongeza la pili."

Mama yake hakukata simu. Nyaboke alisikia jogoo wa jioni kule nyumbani, na mtoto akinong'ona. Gerishon akagonga tena. Nyaboke alivuta benchi la mbao lililokuwa chini ya makabati, akalikalia, akangoja.